Vyakula vibichi kwenye meza ya familia: kipi kiongezwe, kipi kibaki jikoni

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 9, wa miaka 4 na wa miezi 16. Tunaishi pia na mama mkwe mwenye miaka 68, anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu damu ilipomganda mguuni. Wiki tatu zilizopita nilisikiliza mafunzo yanayosema kwamba kupika kunaua chakula: moto unaharibu vimeng'enya, vile viambata vinavyosaidia kusaga chakula, na mwili unabaki kufidia. Nikaamua nusu ya kila mlo iwe mbichi. Asubuhi juisi ya mboga za majani, mchana na jioni sahani kubwa ya saladi. Mume wangu tumbo linamjaa gesi mpaka hapati usingizi, na nimeambiwa hizo ni sumu zinatoka, avumilie. Wa miaka minne anatema kila kitu. Mkubwa anakula vizuri, ila baada ya saa moja anarudi jikoni analalamika njaa. Sasa nafikiria kuongeza maziwa yasiyochemshwa, mayai mabichi kwenye juisi, na maharage yaliyolowekwa hadi yakachipua. Je, niendelee? Na nifanyeje ili vyakula vibichi viwe sehemu ya mlo wetu wa kila siku bila kumuumiza mtu?

Jibu: Dada yangu, niruhusu nianze na mtu ambaye swali lako limempitia haraka, kwa sababu suala lake haliwezi kusubiri. Ni mama mkwe.

Ini hutumia vitamini K kukamilisha protini zinazogandisha damu, na warfarini hufanya kazi kwa kulizuia ini kuitumia vitamini hiyo tena na tena. Mboga za majani ya kijani ndizo chanzo kikubwa cha vitamini K katika chakula. Kliniki ilipompangia dozi, iliipanga kwa kuangalia majibu ya damu yake wakati anakula kama alivyozoea. Ukimwongezea ghafla juisi ya majani kila asubuhi na saladi mara mbili kwa siku, dawa inadhoofika, na damu inaweza kuganda tena bila dalili ya kumwonya mapema. Tafadhali wapigie simu kliniki leo au kesho, waeleze chakula kilivyobadilika kwa wiki hizi tatu, na uombe apimwe INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda. Dozi ibadilishwe na wao, si ninyi nyumbani. Na usimkatie majani yote kwa hofu, maana kiasi kikishuka ghafla dawa ileile inazidi nguvu, na hapo hatari inakuwa kuvuja damu. Hajakatazwa mboga. Anachohitaji ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Wengi hudhani kuwa kwa wagonjwa wa warfarini ubaya uko kwenye ubichi, lakini vitamini K haiharibiwi kirahisi na moto, hivyo mboga iliyopikwa nayo inahesabika.

Sasa tuje kwenye hoja iliyokusukuma, kwamba kupika kunaua chakula. Karoti iliyong'olewa na tunda lililochumwa bado vina vimeng'enya, na moto huviharibu kweli. Lakini mmea ulivitengeneza kwa kazi zake wenyewe: kukua, kuivisha matunda, kuziba majeraha. Vimeng'enya ni protini, na vikifika tumboni mwako hukutana na asidi kali na kukatwakatwa kama protini nyingine yoyote. Vile vinavyosaga chakula chako vinatoka kwako mwenyewe: kwenye mate, tumboni, kwenye kongosho na kwenye utumbo mdogo. Mwili huvitengeneza kila siku. Hakuna akiba inayoisha kwa kula vilivyopikwa.

Hata hivyo dai hilo limebeba chembe ya ukweli. Vitamini C na foleti (aina ya vitamini B) hazivumilii moto wa muda mrefu, na zote mbili huyeyuka katika maji. Mboga ikichemshwa sana katika maji mengi, kisha maji yakamwagwa, inaweza kupoteza nusu ya vitamini C yake au zaidi. Sehemu kubwa ya hasara hiyo inakwenda na maji. Kwa hiyo kupika kwa mvuke, au kwa maji kidogo na dakika chache, au kuunywa mchuzi wake, kunaokoa mengi hata bila kula kitu kibichi.

Upande wa pili, moto unatoa vitu ambavyo ubichi unavificha. Kila seli ya mmea imezungukwa na ukuta mgumu, na meno yetu hayazipasui zote. Moto huulainisha ukuta huo. Laikopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, hufyonzwa vizuri zaidi nyanya ikipikwa, hasa ikiwa na mafuta. Beta-karotini ya karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ni vivyo hivyo. Mayai pia: watafiti walipopima, mwili uliweza kutumia takriban asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, na takriban asilimia 50 tu ya lile bichi.

Jamii ya kabichi ina habari yake ya pekee, na hapa waliokufundisha wangekuwa na hoja kama wangeieleza kwa usahihi. Kabichi, brokoli na ndugu zao huhifadhi kimeng'enya sehemu moja na viambata vya ukali sehemu nyingine. Kisu au meno yakivunja kuta, viwili hivyo hukutana na kuzalisha vitu ambavyo wanasayansi wanavichunguza sana kwa uwezekano wa kuusaidia mwili kujikinga. Moto ukikiwahi kimeng'enya hicho, sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanyiki. Lakini si lazima ule mbichi ili uipate: ikate kabichi, iache kama dakika 40, ndipo uiweke motoni. Kitunguu saumu nacho, ukikiponda, kipe dakika 10 kabla ya kukikaanga.

Kwa hiyo naomba ubadilishe swali unalojiuliza jikoni. Badala ya kuuliza ni kiasi gani cha mlo ni kibichi, uliza familia imekula mboga na matunda kiasi gani leo, na kati ya hivyo vipi vinafaa vibaki vibichi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka 10, gramu 350 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, na gramu 250 kwa wa miaka 2 hadi 5. Viazi na mizizi mingine ya wanga haihesabiwi humo. Pendekezo hilo halidai kwamba viwe vibichi.

Kuhusu mume wako: hizo si sumu. Sumu za mwili hushughulikiwa na ini na figo, saa zote, iwe umekula saladi au hukula. Gesi inatoka mahali pengine. Nyuzinyuzi za mboga hazisagiki kwenye utumbo mdogo, hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria wanaoishi ndani yetu huzila. Katika kuzila wanazalisha gesi, na pia asidi laini zinazolisha ukuta wa utumbo, jambo ambalo ni jema. Tatizo ni kasi. Ulipomwongezea mara moja, bakteria walipata karamu ambayo hawakuizoea. Mrudishe kwenye kiasi alichokuwa anakula bila taabu, kisha uongeze kidogo, tuseme vijiko viwili vitatu vya mboga mbichi kwa siku, na usubiri wiki nzima kabla ya kuongeza tena. Anywe maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi bila maji huleta choo kigumu. Atafune taratibu. Kitunguu kibichi na kabichi mbichi ndivyo vinavyosumbua wengi, basi vipike kwa sasa na umwachie tango, karoti na nyanya. Kama baada ya wiki chache za kiasi kidogo gesi haijapungua, au ana maumivu yanayomwamsha usiku, damu kwenye choo, au anapungua uzito bila kukusudia, hilo si suala la saladi tena. Aende akapimwe.

Njaa ya mwanao mkubwa ndiyo ishara nisiyotaka uipuuze. Gramu 100 za tango zina takriban kilokalori 15. Gramu 100 za wali uliopikwa zina takriban 130. Tumbo la mtoto ni dogo, na ukilijaza nusu kwa majani na maji, nafasi ya chakula cha kumkuza inaisha kabla mahitaji yake hayajatimia. Utafiti mmoja wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 1999 uliwaangalia watu wazima waliokuwa wakila vyakula vibichi kwa muda mrefu: wengi walikuwa wamepungua uzito, na takriban asilimia 30 ya wanawake wa chini ya miaka 45 hedhi yao ilikuwa imevurugika au kukoma kabisa. Hao walikuwa watu wazima waliojichagulia wenyewe. Mtoto anayekua ana nafasi ndogo zaidi ya kukosea. Mboga mbichi ikae pembeni ya wanga, maharage, nyama, samaki au yai. Isichukue mahali pake.

Huyu wa miaka minne hana kosa, na wewe huna. Ladha ya uchungu ya majani mabichi ni ngumu kwa watoto wadogo, na mara nyingi wanahitaji kukutana na chakula kimoja mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali. Mwekee kipande kidogo kando ya kile anachokipenda, kula chako mbele yake, na usiseme neno akikiacha. Kumlazimisha hurefusha safari. Anza na vyenye utamu: chungwa, pilipili hoho nyekundu, embe, nyanya ndogo.

Lakini zikate. Hili naliweka wazi kwa sababu linaua: karoti mbichi yenye umbo la kijiti au duara, kipande kigumu cha tufaha, zabibu nzima, nyanya ndogo nzima na karanga ni vitu vinavyoziba njia ya hewa ya mtoto mdogo. Kwa wa miezi 16, karoti na tufaha zikwaruzwe ziwe laini sana, au zipikwe kabisa. Zabibu na nyanya ndogo zikatwe kwa urefu mara nne, kwa wote wawili. Karanga nzima zisubiri hadi atimize miaka mitano. Watoto wale wakiwa wameketi, na mtu mzima awe karibu.

Juisi ya asubuhi ningeiacha. Juisi iliyochujwa imepoteza nyuzinyuzi ulizokuwa unazitafuta, sukari ya matunda imebaki huru, na majani ya sahani nzima yameingia kwenye glasi moja. Kwa mama mkwe huo ni mlima wa vitamini K kwa funda chache. Na kama majani hayo ni spinachi, kila glasi inabeba oksalati nyingi, ambayo kwa watu wenye mwelekeo wa mawe ya figo ni hatari. Kuchemsha na kumwaga maji huipunguza. Tunda zima linalotafunwa linashinda juisi karibu kila mara.

Sasa yale matatu unayofikiria kuyaongeza. Jibu langu kwa yote ni hapana, kila moja kwa sababu yake.

Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba vijidudu vya brusela, salmonela, listeria, kifua kikuu cha ng'ombe na aina kali za E. koli, hata kama ng'ombe anaonekana mzima na mkamuaji ni msafi. Kuyapasteuri maana yake ni kuyapasha hadi nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30. Kinachopotea ni kidogo sana. Protini na kalsiamu zinabaki. Kwa mtoto wa miezi 16 na bibi wa miaka 68, maambukizi haya si kuhara kwa siku mbili tu: E. koli kali inaweza kuziharibu figo za mtoto.

Yai bichi lina hatari ya salmonela, na tumeshaona kwamba linampa mwili protini pungufu. Lipike.

Maharage ndiyo yanayonitia hofu zaidi, kwa sababu watu wachache wanalijua hili. Maharage mekundu yana protini iitwayo lektini inayoushambulia ukuta wa utumbo, na punje nne au tano tu ambazo hazijaiva zinaweza kumfanya mtu atapike na kuhara vibaya ndani ya saa chache. Kuyaloweka hakutoshi, na kuyachipua si njia ya kutegemea. Yaloweke angalau saa tano, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya. Dakika 10 za mchemko kamili huimaliza sumu, ingawa wapo wanaoshauri 30 kwa usalama zaidi, na baada ya hapo yaendelee hadi yaive. Kuyapika polepole kwa moto usiofikia mchemko kunaweza kuiongeza sumu. Muhogo nao usiuonje mbichi, maana una viambata vinavyotoa sayanidi. Na kiazi kilichogeuka kijani kitupwe, kwa kuwa sumu yake hata moto hauiondoi.

Mbegu zilizochipua, hata zile ambazo zenyewe hazina sumu, ningewanyima watoto wadogo na bibi zisipopikwa. Mbegu huchipua katika joto na unyevu, mazingira yaleyale ambayo bakteria wanayapenda, na mdudu akiwa ndani ya ufa wa mbegu, maji hayamfikii. Mwaka 2011 nchini Ujerumani mlipuko wa E. koli uliohusishwa na uwatu uliochipua uliwafanya watu zaidi ya 3,000 waugue na kuua zaidi ya 50.

Ukiamua kuendelea na mboga mbichi za kawaida, na natamani uendelee, basi kazi yako kubwa ni maji na mikono. Moto ni ulinzi. Ukiuondoa, lazima kitu kingine kishike nafasi yake. Mboga iliyomwagiwa maji machafu shambani au kushikwa kwa mikono isiyooshwa inaweza kuleta mayai ya minyoo, homa ya matumbo, kipindupindu, au homa ya ini aina ya A. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kila kitu kwa maji salama yanayotiririka kabla ya kukata au kumenya, hata tunda ambalo ganda lake hutalila, kwa sababu kisu hubeba uchafu kutoka nje kwenda ndani. Majani yaachanishe moja moja. Usitumie sabuni kwenye chakula. Siki hupunguza vijidudu kiasi, lakini haiwamalizi. Kama maji yako si ya kuaminika, tumia yaliyochemshwa na kupoa, na uchague vinavyomenywa kuliko majani. Ubao na kisu vilivyogusa nyama mbichi visiiguse saladi. Kilichokatwa kiliwe mara moja au kiwekwe kwenye friji chini ya nyuzi joto 5. Kikikaa nje zaidi ya saa mbili, kiache.

Basi uanzeje upya? Chagua kitu kimoja kibichi kwa mlo mmoja kwa siku, na kiwe kile ambacho ubichi unakifaidisha: tunda lenye vitamini C au pilipili hoho. Kiweke kwenye mlo wenye maharage au dengu, kwa sababu vitamini C ikiwa tumboni wakati uleule husaidia madini ya chuma ya mimea kufyonzwa. Tunda likiliwa saa tatu baadaye, faida hiyo inapotea. Saladi iwe na mafuta kidogo, parachichi au karanga zilizosagwa, maana vitamini A, E na K na zile rangi za karoti na nyanya hufyonzwa pamoja na mafuta. Saladi kavu kabisa ya kupunguza uzito inapitisha nyingi bila kuzitumia. Nyanya ziwe mbichi leo, ziwe mchuzi kesho. Familia ikizoea, ongeza mlo wa pili. Hamhitaji kufika nusu kwa nusu.

Kuna watu ambao ningetaka waonane na daktari au mtaalamu wa lishe ana kwa ana kabla ya kubadilisha lolote, na nawataja kwa kuwa huenda jirani au ndugu akakuomba ushauri. Mwenye ugonjwa wa figo, kwa sababu mboga na matunda mabichi yana potasiamu ambayo kuchemsha kungeipunguza. Mjamzito, kwa ajili ya vijidudu vya listeria na toksoplasma. Anayepata tiba ya saratani au mwenye kinga dhaifu. Anayetumia dawa za kisukari, ambaye akipunguza wanga ghafla sukari inaweza kushuka mno. Na yule ambaye akila tufaha au karoti mbichi mdomo unamwasha lakini ikipikwa hana shida, kwa sababu huo ni mzio, na akiona midomo au koo inavimba au pumzi inabana aende hospitali papo hapo.

Kwa nyumba yako, wapeleke watoto wapimwe uzito na urefu katika ziara yenu ijayo ya kliniki, na mtaje kwa muuguzi hizi wiki tatu. Mtoto akiharisha damu, akitapika kila anachokunywa, akilegea au akipitisha saa nyingi bila kukojoa, usisubiri asubuhi. Mama mkwe naye, mguu ukivimba au kuuma upande mmoja, akipata maumivu ya kifua au pumzi ikikata, au ukiona michubuko isiyo na sababu, choo cheusi au damu ya pua isiyokoma, mpeleke kwenye huduma ya dharura na ubebe dawa zake mkononi.